Kengele Iliyopeleka Kiwanda Kizima Kunywa Chai

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuja kunisalimia hapa Mkolani. Anafanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam, kwenye kampuni ambayo mpaka leo sijaelewa inauza nini. Nikampikia sato, akanawa mikono, akaweka simu yake mezani, na simu ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka mpaka kijiko cha mchuzi kikahama mahali pake.

"Nani huyo anakutafuta hivyo?" nikamuuliza.

"Si mtu, shangazi. Ni tahadhari za databesi. Huwa zinalia tu."

"Na zikilia unafanya nini?"

"Nazinyamazisha."

Nilitaka kumnyang'anya ile sahani ya sato. Nikajizuia kwa sababu ni mgeni na amesafiri mbali. Lakini alipoondoka nikachukua karatasi, na haya ninayoyaandika ni ya kwake yeye na ninyi wenzake wote mnaozitengeneza tahadhari halafu mkazifanya kelele za chura, ambazo hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi nimestaafu, mgongo unaniuma, sina haja ya kumbembeleza mtu. Nisikilizeni.

Siku hizi wasomi wanaiita kanzidata. Sisi tuliita databesi, na siku ikikwama tuliiita majina mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ilikaa kwenye kompyuta moja kubwa ya rangi ya maziwa yaliyochacha, katika chumba cha ghorofani, kwenye kiwanda cha minofu ya samaki ufukweni mwa ziwa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, sangara wa Mwanza wakiondoka kwa ndege kwenda kuliwa na watu tusiowajua, nasi tukibaki na vichwa na mapanki, ile mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Kila kreti la samaki lililoingia lilipimwa, kila boksi la minofu lililotoka likapimwa, na kila mizani ilikuwa na kompyuta ndogo pembeni iliyotuma uzito kwenye databesi. Boksi la mwisho likishapimwa, databesi ilichapa orodha ya mzigo. Bila orodha hiyo lori halikuruhusiwa kutoka getini, na bila lori ndege haikumngoja mtu.

Mimi sikuzaliwa na kompyuta. Nilikuwa mpiga taipu katika ushirika wa pamba, na nilipiga taipu vizuri. Kisha mageuzi yakaja, ushirika ukayumba, tukaitwa ukumbini tukaambiwa tumepunguzwa. Niliondoka na godoro moja na mabati kadhaa, ndiyo ilikuwa asante yao. Nikasoma kozi ya kompyuta pale Mirongo, darasa lenye kompyuta chache na wanafunzi wengi, mmoja akigusa kibodi na wenzake wakimpumulia shingoni. Kiwanda kikanichukua. Kwa hiyo mkisoma mbele mkaona namna nilivyoing'ang'ania kazi ile, msinicheke. Mtu aliyewahi kupunguzwa kazi anaisikia hatua ya bosi ikija tangu iko kwenye ngazi.

Siku moja databesi ilizubaa. Haikufa, ilizubaa tu. Unapima boksi, unangoja, unangoja, ndipo inajibu. Orodha ya mzigo ikachelewa, lori likafika uwanjani ndege ikiwa imeshapaa. Meneja wetu, Bwana Kamugisha, hakunifokea. Alikuwa muungwana, na muungwana akikasirika ndiyo hatari zaidi.

"Minza," akasema, "sina ugomvi na wewe. Lakini ndege ikituacha tena kwa sababu ya mashine hii, nafunga chumba cha kompyuta na tunarudi kwenye taipureta. Na mpiga taipu tayari ninaye."

Nikajibu, "Nimekuelewa, bosi," nikapanda ghorofani. Niliogopa kweli. Nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani na sikuwa na ushirika mwingine wa kunipa godoro.

Tatizo langu lilikuwa moja: nilikuwa wa mwisho kujua. Databesi ikianza kuzubaa, wapimaji walinong'ona, msimamizi akaguna, meneja akapiga simu, ndipo mimi nikaambiwa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilikuwa naijua mvua nikishalowa. Nikaamua mashine yenyewe ijifunze kunishtua.

Nikaandika programu ndogo. Kila baada ya muda mfupi iliiuliza databesi swali jepesi: niambie kreti la mwisho kupimwa ni lipi. Kisha ikahesabu jibu limechukua muda gani. Basi. Ninyi mnapima joto la seva, mnapima kumbukumbu, mnapima vitu hamsini na grafu za rangi kama khanga. Mimi nilipima kile alichokiona yule mama aliyesimama kwenye mizani na samaki mkononi. Anangoja au hangoji? Vingine vyote ni habari za ziada.

Jibu likichelewa, kompyuta ilipiga mlio. Kosa la kwanza likawa hapo hapo: niliweka kiwango kidogo mno. Mtu akichapa karatasi, mlio. Umeme ukicheza kidogo, mlio. Mpaka nikaanza kuusikia ule mlio ndotoni, halafu nikaacha kuusikia kabisa.

Aliyenizindua ni Mzee Bwire, fundi umeme wa kiwanda, Mjita mmoja mfupi aliyebeba bisibisi sikioni kama karani na kalamu. Aliingia siku hiyo kutengeneza taa, akakuta mashine inalia na mimi nakunywa maji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hicho kinacholia ni nini?"

"Ni tahadhari."

"Na wewe umetahadhari?"

Akapanda ngazi, akafungua taa, akaendelea kusema akiwa juu kule: "Nyumbani nilikuwa na mbwa wa hivyo. Akibwekea kuku, anabwekea mbuzi, anabwekea upepo. Siku wezi walipokuja kweli, tulimtupia kiatu anyamaze."

Nikaibadilisha programu siku ile ile. Jibu likichelewa mara moja, inyamaze. Likichelewa mara tatu mfululizo, ipige mlio. Kelele zikaisha, na mlio ukilia najua kuna jambo.

Lipo na jingine alilonifundisha Mzee Bwire, ingawa hilo tulifundishwa wote wawili na wadudu. Mnawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Asubuhi moja waliingia dirishani, wakajaa kwenye feni ya ile kompyuta kubwa, ikapata joto, ikazima. Mimi nilikuwa chini, nimetulia kabisa, maana tahadhari haikulia. Ingeliaje? Programu yangu ilikuwa inakaa ndani ya kompyuta ile ile iliyozima. Mzee Bwire akaifungua, akawazoa wale wadudu kwa kiganja, akasema, "Umemlaza mlinzi chumba kimoja na marehemu." Tangu siku hiyo programu ikahamia kompyuta nyingine, ikawa inauliza kutoka mbali, na isipojibiwa kabisa inalia pia. Wavu wa dirishani tukauweka baadaye.

Sasa nije kwenye kengele.

Mlio wa kompyuta ulikuwa mwembamba, na kazi yangu mara nyingi ilikuwa chini ukumbini, nikikausha kibodi zilizomwagiwa maji ya samaki. Mitambo ya barafu inanguruma, maji yanamwagika, hata ukiitwa jina lako husikii. Nikamwambia Mzee Bwire nahitaji mlio unaosikika ukumbini.

"Kengele," akasema.

"Unayo?"

"Ipo tayari imening'inia. Waya upo, umeme upo. Tuunge tu."

Akatoa waya kutoka tundu la printa nyuma ya kompyuta, akaupitisha kwenye kiswichi, akaushusha ukutani mpaka kwenye kengele iliyokuwa juu ya mlango wa ukumbi wa minofu. Alipomaliza alipangusa mikono kwa furaha ya mtu aliyeokoa kiwanda. Ilikuwa kengele ya chai.

Msituone wajinga. Tulilifikiria. Kengele ya chai ya saa nne hulia mara moja, ndefu. Ya kwetu ingelia mbili fupi fupi. Tukamwambia msimamizi, msimamizi akasema sawa, nafikiri alitangaza, au alikusudia kutangaza. Lakini akina mama wa minofu walikuwa wamesimama tangu alfajiri kwenye baridi, kofia mpaka masikioni, kisu mkononi, miguu imekufa ganzi ndani ya gambuti. Mtu wa hali hiyo hahesabu milio. Kengele ni kengele.

Na kiwanda cha minofu si kama ofisi, kwamba mtu akikosea kutoka unamwambia rudi. Wanunuzi wa nje walikuwa wameweka masharti. Ukishavua glovu na kutoka mlangoni, hurudi mezani mpaka upite njia yote upya: dimbwi la dawa kwa ajili ya gambuti, sabuni mpaka kiwiko, dawa ya mikono, kisha msimamizi akukague kucha moja moja. Ukumbi mzima ukitoka, kurudi ni safari.

Siku ya kwanza kengele ililia karibu na saa ya chai, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Siku ya pili ililia mchana. Akina mama wakatoka, mpishi akashangaa, akachemsha. Msimamizi alidhani ni amri ya meneja. Meneja akaona foleni ya kantini kutoka dirishani kwake, akadhani ni mpango wa msimamizi. Kila mmoja alimheshimu mwenzake mno hata asimuulize.

Na mimi? Mimi nilikuwa na furaha! Kengele ilipolia nilikimbia ngazi mbili mbili, nikafika juu nahema, nikakuta databesi inajibu upesi. Kila mara ilikuwa hivyo. Bila shaka ilikuwa hivyo: watu wote wamekwenda kunywa chai, hakuna anayepima, databesi imepumzika. Lakini mimi nilikuwa nimeshakimbilia juu kabla hawajatoka, na dirisha langu lilitazama ziwani, kwenye magugu maji, si kantini.

"Mzee," nikamwambia Bwire, "inapona kabla sijaigusa."

Akaitazama ile mashine kwa heshima mpya. "Imeogopa kengele," akasema, na hakuwa anatania.

Hata Bwana Kamugisha alinisifu. Kompyuta siku hizi haizubai, akasema, ila hakuelewa kwa nini minofu ya siku inapungua na sukari ya kantini inakwisha.

Ukweli niliupata kwa Mama Kulwa. Alikuwa mpimaji wa mizani ya minofu, mwanamke wa Usagara mwenye mikono mikubwa na kicheko kinachosikika juu ya mitambo. Siku hiyo nilikuwa ukumbini kando ya mizani yake kengele ilipolia. Kabla sijakimbia akanishika mkono.

"Mdogo wangu, unakwenda wapi? Twende chai."

"Chai gani? Hiyo ni kengele ya databesi!"

"Ya nani?"

"Ya databesi. Ikichoka inalia."

Mama Kulwa akaangua kicheko mpaka akajishika mezani. "Kumbe inachoka kweli! Sisi tulidhani tunaitega tu." Akanieleza bila haya. Walikuwa wamegundua kwamba wakipima boksi moja moja kwa utaratibu, kengele hailii. Lakini wakilundika maboksi, kisha mizani zote zikapima kwa mkupuo mmoja, haichukui muda, chai inaitwa. "Tukichoka sana tunafanya hivyo," akasema. "Nawe nenda ukapumzike. Umekonda."

Nilitamani kukasirika. Lakini ukiiangalia kazi, mama huyu alikuwa amenifanyia jaribio ambalo mimi mwenyewe sikulifanya: alinionyesha ni wakati gani hasa databesi inaelemewa. Nikapanda juu nikaanza kufuatilia. Mizani zikipima kwa mkupuo, nani mwingine anaisumbua databesi wakati huo huo? Nikamkuta. Alikuwa Bwana Kamugisha.

Meneja alikuwa na kompyuta ofisini yenye namba moja kubwa katikati ya kioo: jumla ya kilo tangu asubuhi. Aliipenda namba ile. Wageni wakija aliwakalisha mbele yake, nao waliitazama ikipanda. Lakini namna ilivyotengenezwa na mtaalamu kutoka Dar, kila boksi jipya likiingia, kompyuta ya meneja iliidai databesi ihesabu upya maboksi yote tangu alfajiri. Ni kama mtu anayepika ugali, kila akiongeza konzi ya unga anamwaga sufuria nzima ahesabu makonzi yote. Asubuhi si neno. Mchana, maboksi yakishakuwa mengi na mizani zote zinapima, ni maafa.

Nikaenda kumwambia. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Tutaliangalia wageni wakishaondoka." Kumbe wanunuzi wa nje walikuwa njiani, na ile namba ndiyo aliyotaka kuwaonyesha. Nikamwomba basi angalau tuiondoe kengele pale ukumbini. Alikubali, lakini Mzee Bwire alikuwa amesafiri kwenda msibani Musoma, na waya wake alivyoufunga, hakuna aliyethubutu kuugusa.

Wageni wakaja siku ya ndege. Mzigo ulikuwa mkubwa, lori linanguruma getini, mizani zote zinapima, na safari hii si kwa hila ya chai bali kwa haraka ya kweli. Mimi niko juu natazama muda wa majibu. Unapanda. Unapanda tena. Imechelewa mara moja. Nikajua yanayokuja: ikichelewa mara tatu kengele inalia, ukumbi mzima unatoka, minofu inabaki mezani ikipata joto, na kurudi ni gambuti, sabuni na kucha. Ndege ingeondoka na kazi yangu ikiwa ndani yake. Na hata ningeizima programu yangu kengele isilie, databesi ingezubaa vilevile na orodha isingechapwa.

Imechelewa mara ya pili.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka mlango wa meneja, wageni watatu wamekaa na vikombe vya kahawa, namba kubwa imeganda kwenye kioo, na Bwana Kamugisha akiwaeleza jambo kwa Kiingereza chake kizuri. Akaniinulia kidole, maana yake ngoja. Nikapita mbele ya wageni, nikainama chini ya meza na kuchomoa plagi ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Mgeni mmoja alishusha kikombe chake taratibu, kama mtu aliye karibu na mbwa asiyemjua. Nami nikabaki nimepiga magoti na plagi mkononi, nikimwangalia bosi wangu, nikijua nimeshajifukuza kazi mwenyewe.

Kisha tukaisikia printa kule chini. Zile za zamani hazikujificha zikifanya kazi, zilikereza. Ikakereza orodha yote bila kusita, na baada ya muda lori likapiga honi na kutoka. Kengele haikulia.

Aliniita jioni wageni walipoondoka. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu kwenye mfuko.

"Minza, wageni wameniuliza kwa nini umezima kompyuta yangu."

"Bosi, naomba nieleze..."

"Nimewaambia ndivyo tunavyofanya hapa wakati wa kupakia mzigo. Wamefurahi sana, wameandika." Akaitazama ile meza. "Kwa hiyo sasa ndivyo tunavyofanya."

Machozi yalinitoka pale pale, naye akajifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka nilipomaliza.

Mzee Bwire aliporudi tukaiachia chai kengele yake, tukaifungia databesi nyingine. Hatukuipeleka chumbani kwangu. Tuliipeleka ofisini kwa meneja, juu ya kichwa chake, kwa ridhaa yake. Vijana, tahadhari hailii kwa aliye zamu peke yake. Inamlilia mtu anayeweza kuondoa kinachoumiza. Ile hesabu ya kuanza upya nayo ilirekebishwa, mtaalamu alipopatikana, iwe inaongeza boksi jipya tu. Lakini hilo lilichukua miezi, na miezi yote hiyo kengele ikilia, Bwana Kamugisha alizima kompyuta yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Kulwa alininunia. "Umetuponyea mashine," akasema, "ukatuua sisi."

Siku ya kwanza kengele ilipolia ofisini, nilikimbia kwenda kuona kama meneja amezima kweli. Ofisi ilikuwa tupu. Kioo cheusi, kiti kimesogezwa, koti halipo. Nikazunguka kiwanda chote nikimtafuta, roho juu, nikamkuta kantini peke yake, kikombe mkononi na andazi limeumwa nusu.

"Kengele imelia," akasema. "Nimezima. Sasa nitazame nini?"

Kutoka dirisha la ukumbi, Mama Kulwa alikuwa amemwona. Sauti yake ikaja juu ya mitambo yote: "Jamani, kumbe chai yetu haijafutwa! Imepandishwa cheo!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na meneja akainama ndani ya kikombe chake mabega yakitikisika. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Mashine imepona?"

"Imepona, bosi."

"Basi kaa unywe chai."

Nikakaa. Mpishi akanimiminia, ikawa ya moto na yenye sukari nyingi, nami nikainywa polepole mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile tulipoitwa ukumbini kule ushirika, kunywa chai nikiwa na hakika kwamba kesho nitakuja kazini.